Ukiona Vyaelea: Waraka kwa Wanachama

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha waandishi, mlio mjini na mlio mbali.

Ndugu zangu,

Nimemaliza kusoma hadithi 17 mlizoniletea kwa ajili ya mkusanyiko wetu wa bunilizi za kisayansi. Nimezisoma mara mbili, ya kwanza kwa raha tupu, ya pili nikiwa na penseli mkononi. Zimo kurasa nilizomsomea mke wangu kwa sauti usiku, naye akaniomba nirudie. Kwa hiyo mnaposoma haya yanayofuata, msidhani nimevunjika moyo. Nawaandikia kwa sababu kazi imefika mahali pazuri na bado naiona ina tundu moja linaloingiza maji.

Tundu lenyewe ni hili: karibu katika kila hadithi, mashine inafanya kazi bila kula. Gari linapaa juu ya Nyali wala halina tangi. Daktari anamtia mgonjwa moyo wa chuma, moyo unapiga miaka 200 na hauendi kwa fundi hata siku moja. Mji mzima umejengwa chini ya Bahari ya Hindi, kila chumba kina ubaridi wa kupendeza, na hakuna mtu anayeulizwa bili ya umeme.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Nimetengeneza majokofu kwa miaka 26. Siku yangu ya kwanza karakanani, mzee aliyenifundisha kazi aliniambia niweke kiganja nyuma ya friji inayofanya kazi, kisha akaniuliza nahisi nini. Nikasema joto. Akasema hilo ndilo friji inalofanya, mengine yote ni sanduku. Friji haitengenezi baridi, kwani hakuna kitu kama kutengeneza baridi. Inachofanya ni kubeba joto kutoka ndani na kulitupa nje kwa mgongo wake. Kwa ubebaji huo inakula umeme, na umeme huo nao unageuka joto. Ndiyo maana mtu akifungua mlango wa friji apoze jiko, baada ya saa nzima jiko litakuwa na joto zaidi kuliko mwanzo.

Basi nilipofika kwenye mji wa chini ya bahari wa dada yetu, penseli yangu ilisimama. Joto linakwenda wapi? Miili ya watu 40,000 inatoa joto, majiko yanatoa, taa zinatoa, kompresa zinatoa. Lazima litupwe nje, na nje ni bahari. Sasa fuateni nami. Maji yanayozunguka mji yanapanda joto kidogo. Matumbawe hayavumilii hata hicho kidogo: maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa kiangazi kwa nyuzi 1 au 2, na yakakaa hivyo majuma kadhaa, matumbawe hupauka, na mengi hufa. Mwaka 1998 sisi wa pwani tuliyaona haya kwa macho yetu, miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilipogeuka myeupe kama mifupa. Kwa hiyo watu wa mji ule, walioshuka baharini kwa kupenda bustani za matumbawe zilizo nje ya madirisha yao, wanaziua kwa kiyoyozi chao wenyewe. Na juu yao kuna wavuvi ambao samaki wao wamehama. Siku moja wavuvi watashuka kuuliza.

Dada yangu, hadithi uliyoileta ilikuwa na mapenzi ya mhandisi na binti wa meya, na ni nzuri. Lakini hii nyingine ilikuwa imelala ndani ya ukuta wa mji wako, ikingoja uulize swali la fundi.

Hilo ndilo ombi langu lote katika waraka huu. Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi halielei kwa baraka za mwandishi. Kuna mtu alichagua mti, kuna mtu alitia kalafati kila mwanya kwa pamba na mafuta, na kuna mtu atalivuta pwani kila mwaka alikwangue magome. Chombo chochote mtakachokibuni, hata kile ambacho hakijawahi kuwako duniani, kiwe na mtu wa kukitia kalafati.

Najua atakayesimama kunijibu. Mzee wetu mmoja hupenda kutukumbusha Shaaban Robert, na ana haki. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Haina nguzo, haina injini, na mwandishi wake hakutumia hata aya moja kueleza kwa nini haianguki. Mbona tunaiamini tangu mwaka 1951? Nimelifikiri swali hili siku nyingi. Jibu langu ni kwamba kitabu kile hakikuegemea juu ya hewa. Kimeegemea juu ya baraza la hukumu, juu ya Karama anayejitetea mbele ya mfalme, juu ya wajumbe waliotumwa pande zote wakarudi na elimu, malipo yao yakawa kifungo. Pale Shaaban Robert hakuacha ufa: tunajua nani alishtaki, kwa kosa gani, na nani alifaidika na ujinga ule. Alikokotoa dhuluma kwa uangalifu uleule ambao mhandisi hukokotolea daraja. Hewa aliiacha hewa, kwa kuwa hakuna kilichosimama juu yake.

Hebu litazameni na jina lenyewe alilolichagua. Wenzetu wa lugha nyingine wanahangaika kutafuta neno la sifa hii ya hadithi tunayoizungumzia, sisi tunalo kwenye jalada la kitabu tulichosomeshwa shuleni. Kusadikika hakumaanishi kuwa kweli. Maana yake ni kumpa msikilizaji sababu ya kukubali. Kwa hiyo kila mmoja ajiulize hadithi yake imeegemea nini. Ikiwa imeegemea mashine, basi mashine ndiyo itakayopekuliwa.

Watu wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka 100. Mfaransa Jules Verne, mwaka 1865, aliandika juu ya wasafiri watatu wanaorushwa mwezini kwa mzinga mkubwa uliochimbiwa Florida, wenye urefu wa futi 900. Alipiga hesabu zake kwa bidii, na mwendo alioutaja, kilomita kama 11 kwa sekunde, ndio hasa unaohitajika kutoka katika mvuto wa dunia. Baadaye Mwingereza H. G. Wells, mwaka 1901, akawapeleka watu wake mwezini kwa madini aliyoyabuni, yaitwayo cavorite, ambayo huzuia mvuto kama pazia linavyozuia jua. Verne alilalamika kwamba yeye anatumia fizikia na mwenzake anazua tu.

Nikiwa na penseli, nawaona wote wawili kwa jicho jingine. Chukueni mzinga wa Verne. Ili kitu kianze kikiwa kimesimama na kitoke mdomoni mwa mzinga wa futi 900 kikiwa na kasi ile, kinasukumwa kwa muda wa sehemu ya 20 ya sekunde tu. Katika muda huo kila kilichomo kinalemewa na uzito unaozidi uzito wake wa kawaida mara 20,000. Mtu wa kilo 60 anakuwa kama tani 1,200. Verne aliliona tatizo, akaweka maji chini ya sakafu yapunguze kishindo, lakini hakuna maji ya kumsaidia mtu huyo. Fizikia aliyojivunia iliwaua wasafiri wake kabla hawajatoka shimoni.

Wells naye alisema uongo mkubwa kupita huo. Ukiwa na pazia la kuzuia mvuto, liweke chini ya nusu moja ya gurudumu: nusu hiyo haina uzito, ya pili inaanguka, na gurudumu litazunguka milele likikupa nguvu za bure. Nimewahi kuletewa karakanani dainamo iliyodaiwa kujizungusha yenyewe, na nilimrudishia mwenyewe kwa upole. Lakini tazameni Wells alivyoutunza uongo wake. Bamba la cavorite lilipokamilika mara ya kwanza, hewa iliyo juu yake nayo ilipoteza uzito, ikafyatuka kwenda juu, hewa ya pembeni ikaingia kwa kishindo, nyumba zikapasuka, na ilibaki kidogo tu dunia ipoteze anga lake. Yaani aliuuliza uongo wake mwenyewe: wewe ukiwapo, nini kingine kitatokea? Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini mwandishi huyu aliifuata yake hadi mwisho bila kukata kona. Kwa hiyo mimi simwombi mtu aache kubuni. Namwomba achague jambo moja lisilowezekana, kisha mengine yote yalipe kodi.

Sasa niwaeleze mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa unahusu joto. Frank Herbert katika Dune, mwaka 1965, aliwavalisha watu wa jangwani suti inayokusanya jasho, mkojo na unyevu wa pumzi, ikayarudisha kuwa maji ya kunywa. Nguvu ya kusukuma inatoka katika hatua za mvaaji na kupumua kwake, na huko nampigia makofi, maana alikumbuka kwamba pampu haijisukumi. Lakini jasho si uchafu wa mwili tu. Jasho ndiyo friji yetu. Lita moja ikikauka juu ya ngozi inaondoka na joto la karibu theluthi mbili za uniti ya umeme, sawa na pasi ya wati 1,000 iliyowashwa dakika 40. Anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoa lita hiyo kwa saa moja. Ukiukamata mvuke huo ndani ya suti na kuugeuza maji tena, unalirudisha joto lote lilelile. Herbert alihisi swali hili, akataja nyuzi za kupitisha joto ndani ya vitambaa, ila hakusema linatupwa wapi. Katika jangwa la nyuzi 45, joto halitoki mwilini kwenda nje kwa hiari yake. Linataka kompresa, na linataka bamba la kulitolea lililo na joto kuliko jangwa lenyewe.

Hapo ndipo natamani mmoja wenu aichukue kalamu. Mwekeeni mvaaji bamba hilo mgongoni. Limekuwa moto kiasi cha kuunguza kidole. Basi mama wa jangwani hawezi tena kumbeba mtoto mgongoni. Atambeba wapi? Mbeleko yake itafungwaje? Nyimbo za kubembeleza zitataja kifua badala ya mgongo. Na bibi mmoja atakuwapo anayekataa suti kwa sababu hiyo tu. Swali moja la fundi limetuletea familia nzima, pamoja na ugomvi wake.

Na bado nawaambia wasomaji hawakumwacha Herbert kwa kosa lile, nao wana sababu. Mahali penye upungufu wa fizikia yake, adabu za watu wake zimekamilika. Kwao maji ya maiti ni mali ya kabila. Mtu akitema mate mbele ya mgeni anatoa heshima kubwa, kwa kuwa ametoa unyevu wa mwili wake. Mashine imeingia katika mazishi na maamkizi. Hadithi zetu nyingi zina vyombo vya miaka 300 ijayo, lakini watu wanaamkiana, wanaposa na kuzika kama Jumanne iliyopita.

Hili halipaswi kutushinda sisi. Pwani yetu imelelewa katika elimu inayouliza maswali ya namna hii kwa undani: maji yakikosekana mtu atatawadhaje, akiwa safarini ataswali vipi, asipoijua kibla afanye nini. Oktoba 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda kwenye kituo cha kimataifa cha anga katika siku za mwisho za Ramadhani. Kituo hicho huizunguka dunia kama kila dakika 90, kwa hiyo jua huchomoza na kutua mara 16 hivi kwa siku moja yetu. Wanazuoni wa nchi yake walikaa wakatoa mwongozo: nyakati za swala zifuate saa za mahali alipoondokea, Baikonur, na kibla aielekee kwa kadiri awezavyo. Nilipousoma mwongozo ule nilisema moyoni kwamba hawa wanazuoni wamefanya kazi ya mwandishi wa bunilizi kwa ukamilifu kuliko sisi. Walichukua chombo kigeni, wakakitia ndani ya siku ya mtu mmoja, alfajiri hadi usiku.

Jirani zaidi tunaye Wanuri Kahiu wa Kenya, na filamu yake fupi Pumzi ya mwaka 2009. Watu wanaishi ndani baada ya vita vya maji, wanakusanya jasho na mkojo wao tone kwa tone, na umeme wao unatoka katika mazoezi ya miili yao. Kuhusu maji yuko imara: mwaka 2023 kituo cha anga kilifikia kurudisha asilimia 98 ya maji yake, mkojo na unyevu wa pumzi ukiwamo. Kuhusu umeme niliitoa penseli. Mtu mwenye afya anaweza kuzalisha kama wati 100 kwa saa nyingi mfululizo. Akifanya saa 8 amepata pungufu ya uniti moja, na friji ya kawaida ya nyumbani inaweza kula kiasi hicho kwa siku. Chakula alichokula ili afanye kazi hiyo kilikuwa na nguvu kama mara nne ya hizo. Je, filamu imeharibika? Kwangu mimi imeongezeka uzito, kwani utawala unaowachosha watu kwa faida ndogo namna hiyo huenda hautafuti umeme. Huenda unatafuta wawe wamechoka. Sijui kama Kahiu alikusudia hilo. Najua kwamba chombo alichokionyesha kinabeba swali langu bila kuvunjika.

Kwa kijana wetu aliyeandika simu ya mume aliye Mirihi na mke aliye Lamu: mwanangu, ugomvi wao una moto, lakini wanajibizana neno kwa neno, na sauti haiwezi kufika upesi hivyo. Mawimbi ya redio, yanayokwenda kwa kasi ya nuru, huchukua dakika 3 hadi 22 kufika Mirihi, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi. Usilione hili kuwa kizuizi. Agosti 2012, gari la Curiosity liliposhuka Mirihi, ishara zilichukua karibu dakika 14 kuja huku, na kushuka kwenyewe kulikuwa kwa dakika 7. Wahandisi walipopata habari kwamba limegusa hewa ya Mirihi, lilikuwa tayari ardhini, zima au limevunjika, nao wakabaki kusubiri jambo lililokwisha kupita. Mpe mke wako subira hiyo. Amesema neno baya, amejuta baada ya dakika moja, na neno lile bado liko njiani, halijafika, na hakuna mkono unaoweza kulirudisha.

Na jingine dogo: upepo wa Mirihi hauwezi kuangusha nyumba. Hewa yake ina mgandamizo usiofika hata asilimia 1 ya hewa yetu. Andy Weir aliandika tufani ya namna hiyo katika riwaya yake The Martian na akakiri waziwazi kwamba alilijua kosa. Yeye alishatangulia kulitumia, sisi tuliache.

Nimeona pia kwamba katika hadithi 17, roketi 11 zinarushwa Marekani, Urusi au Uchina, na shujaa wetu hupanda ndege kwenda kuipanda. Ndugu zangu, Ngomeni ipo kaskazini kidogo ya Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini pale, Waitaliano walirusha setilaiti tangu mwaka 1967. Walipachagua kwa hesabu: karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ikaitwa Uhuru. Ilitusaidia kutambua Cygnus X-1, kitu cha kwanza ambacho wanaastronomia wengi walikikubali kuwa shimo jeusi. Neno la Kiswahili limo katika orodha za nyota za dunia nzima, na sisi tunawapandisha ndege mashujaa wetu kwenda Florida! Katika hadithi yenye roketi ya Ngomeni, mvuvi ataambiwa asipite siku ya kurusha, na mtu atapika chai ya walinzi. Hayo mnayajua kwa pua na masikio.

Najua baadhi yenu mnaogopa kukosolewa hesabu mbele ya wenzenu. Basi tazameni Larry Niven: aliandika riwaya ya Ringworld mwaka 1970, juu ya pete kubwa inayoizunguka nyota. Katika chapa ya kwanza aliifanya dunia izunguke kinyume, shujaa akasafiri mashariki ili aongeze saa za siku yake ya kuzaliwa. Mwaka uliofuata wanafunzi wa uhandisi walimwimbia ukumbini kwamba pete yake haiwezi kutulia mahali pake, na hesabu zao zilikuwa sahihi. Niven hakukasirika. Aliandika kitabu cha pili, na hatari ile ya pete kuyumba ndiyo ikawa kiini cha kisa.

Basi ombi langu la vitendo ni hili. Kabla ya kikao kijacho, kila mmoja aiambatanishe hadithi yake na karatasi moja ya mkono, ambayo haitachapishwa. Aandike humo chombo chake kinakula nini, joto lake linakwenda wapi, nini kitaharibika kwanza, na fundi wake analipwa na nani. Yasiingizwe yote katika hadithi. Msomaji hahitaji kuiona kompresa, anahitaji kuhisi ukuta una joto. Asiyejua kukokotoa anipigie au aje karakanani jioni yoyote, isipokuwa Ijumaa. Tutaketi pamoja, na wala hesabu nilizotumia humu hazizidi zile za darasa la nane.

Tutaanza na yangu. Nimeandika juu ya boti ya uvuvi inayogandisha samaki kwa nguvu za mawimbi, na jana usiku nimegundua kwamba bahari ikitulia siku mbili, samaki wote wataoza. Sijajua nahodha atafanya nini. Njooni na penseli.

Wenu katika kazi,
Mhariri wa mkusanyiko